Mfuko wa Juu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, mguu mmoja umekufa na mahali pake pamewekwa tofali, limeegemea ukuta wa duka lililofungwa pale njia inapokata kona kuelekea mashine ya kusaga. Ukikaa hapo unamwona kila anayekwenda kusaga na kila anayerudi, na usipojua habari za mtaa basi umetaka mwenyewe. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, ndiyo tabia yake siku hizi, na ndoo za wanawake zilikuwa zimepanga foleni mlangoni mwa mashine, wenyewe wamekaa kivulini wanasubiri. Mwenye mashine, ambaye mtaa mzima unamwita Injinia ingawa shule ya ufundi aliiona kwa nje tu, alikuwa kwenye benchi na kikombe chake. Kushoto kwake Spika, karani mstaafu, mwenyekiti wa mabishano asiyechaguliwa na mtu. Methali anazijua zote, mahali pa kuzitia ndiyo shida. Kulia kwake Redio, fundi viatu, ambaye habari huzipata kabla hazijatokea. Chini kwenye kigoda, gurudumu la baiskeli magotini, alikaa Kiraka, mziba pancha. Mama Birika alikuwa anapita na kahawa. Sukari alimtilia anayeomba tu, tena baada ya kumkazia macho.

— Basi jioni hii namrudisha mtu kwao, Kiraka akasema, macho kwenye gurudumu.

— Mtu yupi? Redio akauliza.

— Mke wangu. Kwani nina wangapi?

— We! Kisa?

— Unga.

— Unga umefanya nini?

— Hauonekani, ndicho ulichofanya. Ndoo ile ile ya mahindi ilikuwa inatuvusha wiki nzima. Sasa siku ya tano tunakwangua. Nyumba ile ile, midomo ile ile! Namuuliza, analia. Mtu hana hatia analia nini? Mama yake mgonjwa, kwao hawana kitu. Unga unapita mlango wa nyuma kwenda kwa mama mkwe. Nimempa mpaka jioni afunge mizigo.

Kahawa ikampita Injinia njia isiyo yake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Yeye alijua unga ule ulikokwenda. Jana jioni aliula, yeye na mkewe na wanawe watano, na walishiba.

Mambo yenyewe ni hivi. Mashine ikisaga, unga mzito unashuka kwenye ndoo, na ule mwepesi upepo unaurusha juu, kwenye mfuko wa kitambaa mrefu kama mguu wa suruali. Msagaji muungwana, kila akimaliza ndoo ya mtu, anaupiga mfuko ule makofi mpaka unga wote unashuka kwa mwenyewe. Ndivyo alivyofanya Injinia miaka yote, na jioni alirudi nyumbani kope nyeupe. Kisha umeme ukapanda bei. Akavumilia. Ukapanda tena. Naye akataka apandishe bei ya kusaga, lakini kabla hajaiandika ubaoni akakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwake, na muhuri juu: kwa kuwajali wananchi, ni marufuku msagaji yeyote kupandisha bei, atakayekaidi atafungiwa. Akaenda ofisini kuuliza kama umeme nao umepigwa marufuku kupanda. Akaambiwa swali lake ni zuri. Basi wiki ya tatu sasa alikuwa anaufunga mfuko ule kamba katikati, na kuifungua jioni akiwa peke yake. Wateja wakali, wale wanaosimama na kukodoa macho, kwao aliilegeza kamba kidogo. Mke wa Kiraka mpole, hasimami, kwake aliikaza. Alijiambia huo si wizi, ni tozo. Neno hilo lilimpa usingizi hadi asubuhi hii.

— Tusimkurupukie mtoto wa watu, Spika akasema, akiinua kidole. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Inahusu nini hapo?

— Inahusu utulivu.

— Ngoja kwanza, Redio akasema. Hata kwangu unga unapungua. Mke wangu ananipigia kelele wiki ya pili hii, nikadhani ananitafutia ugomvi.

— Na kwangu, Mama Birika akasema. Nikadhani panya.

— Ehe! Basi si mke wako, Kiraka. Hili ni la nchi nzima!

Injinia akapumua. Pumzi yenyewe haikufika chini.

— Nchi nzima kivipi? Kiraka akauliza.

— Wamepunguza kilo, Redio akasema.

— Kilo inapunguzwaje?

— Walikaa kikao, milango imefungwa. Wakaona wakipandisha bei tena watu wataingia barabarani. Wakasema, basi jina tuliache, uzito tuupunguze. Ndiyo maana siku hizi unabeba mzigo sokoni mpaka nyumbani na bega haliumi.

— Bega haliumi kwa sababu hununui kitu, Mama Birika akasema.

— Haba na haba hujaza kibaba, Spika akatamka.

Injinia akamgeukia upesi.

— Una maana gani, mzee?

— Nina maana wanatupunguzia kidogo kidogo. Mbona umeruka?

— Sijaruka.

— Umeruka, bwana. Kahawa imekumwagikia.

Kiraka akatikisa kichwa. Si mtu wa maneno mengi, lakini akishika jambo hushika kama gundi yake.

— Mimi sipimi kwa kilo. Napima kwa ndoo. Ndoo ni ile ile niliyooa nayo. Mahindi yanajaa mpaka ukingoni, nimeyaona kwa macho yangu. Unga unarudi umeshuka chini ya mshikio.

— Basi ni mahindi yenyewe! Redio hakukubali kukosa. Mbegu hizi walizotuletea, punje ni nene, ndani upepo mtupu. Ukisaga, upepo unatoka. Wamepewa fedha huko nje watulishe upepo, tuzoee, ili siku wakituletea upepo mtupu kwenye magunia tusishtuke.

— Mbona ya msimu uliopita yalikuwa haya haya? Kiraka akauliza. Gunia ni lile lile, sijanunua jingine. Mwezi jana yalitoa unga kamili.

Redio akamnyooshea Mama Birika kikombe aongezewe kahawa.

— Yaani, Spika akasema taratibu, akihesabu kwa vidole kama enzi zake ofisini, nyumbani yanatoka yamejaa. Nyumbani unga unafika umepungua.

— Ndivyo.

— Basi unapotelea njiani.

— Njiani wapi, mzee? Kutoka kwangu mpaka hapa ni nyumba nne.

Macho yote yakaenda kule kona inakoelekea, kwenye ule mlango wenye foleni ya ndoo. Injinia akahisi ulimi umekauka kana kwamba ndiye aliyekula upepo wa Redio. Akawaza, sema sasa. Sema sasa, watatukana, watakupiga pengine, halafu yataisha. Akafungua mdomo.

— Umeme! Redio akapiga paja. Jamani, umeme! Tumekaa hapa kama vipofu. Umeme wameubadilisha! Wameona tozo za karatasi tunakwepa, wakaitia tozo ndani ya waya. Mashine ikizunguka, inakula fungu lao kwanza. Injinia, wewe ndiye mtaalamu. Inawezekana haiwezekani?

Mtu mwenye hofu akirushiwa kamba haulizi imefungwa wapi.

— Inawezekana, Injinia akasema.

— Si nimesema!

— Umeme ukiwa mdogo, mashine inasaga kwa kujikokota. Ikijikokota, inapata moto. Ikipata moto, unga mwepesi unaungua. Unageuka kama moshi, unapotea.

Alijisikia mwenyewe akisema, na sauti ilikuwa ya mtu msomi. Akaona aibu, na ndani ya aibu akaona nafuu, kwani kama ni umeme basi mke wa Kiraka naye atakuwa amepona, na hakuna atakayeumia ila serikali, ambayo kwa hali yoyote haisikii.

— Tunaandika barua! Spika akasema, na kalamu tayari mkononi. Leo leo. "Sisi wakazi wapenda unga." Injinia utatia saini kama shahidi mtaalamu. Na tutakwenda wote mpaka ofisini, wewe mbele. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Mbele mimi?

— Sasa nani? Redio? Huyu atawaambia habari za upepo.

— Kwa hiyo, Injinia akasema, akimwinamia Kiraka, ndugu yangu, umesikia. Mkeo hana kosa. Mwache.

Kiraka akaupachika mpira kwenye gurudumu, akaukaza, akafikiri.

— Redio, kwako unga unafika siku ya ngapi?

— Ya sita hivi.

— Kwangu ya tano. Umeme ni mmoja, mashine moja. Umeme unakula kwa wote sawa. Hiyo siku moja inayopungua kwangu pekee, hiyo ni mama mkwe. Jioni anaondoka.

Siku ile moja aliikaza Injinia mwenyewe, kwa kamba yake.

— Lakini Kiraka...

— Lakini nini? Wewe unajua nini kuhusu nyumba yangu?

Kabla Injinia hajajibu, mwanamke akatokea upande wa nyumba zile nne. Alibeba ndoo ya mahindi kichwani na furushi la nguo mkononi, na hatua zake zilikuwa za mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Alikuwa mke wa Kiraka.

— Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji. Karibu.

— Sikai. Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu, Spika akasema, akaitazama kalamu yake.

Kiraka hakuinua kichwa. Mkewe naye hakumgeukia. Akaitua ndoo chini, mbele ya Injinia kabisa, akanyoosha mgongo.

— Shemeji Injinia, samahani, sikuja kugombana. Nina swali dogo. Zamani ulikuwa unaupiga makofi ule mfuko wa juu mpaka mkono wako unakuwa mweupe. Siku hizi huupigi. Kata yangu niliisahau kwako wiki iliyopita, jana jioni nikarudi kuichukua, nikakuona kupitia upenyo wa mlango. Nilitaka kuuliza tu. Ukiufungua ule mfuko jioni, kinachodondoka huwa ni cha nani?

Spika akasema, "Wahenga..." na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwepo, methali haikuja. Redio hakuwa na habari yoyote. Mama Birika alisimama na birika limeinama, kahawa ikashuka chini mpaka ikaisha, naye hajui.

Ndipo umeme ukarudi. Taa ya mlangoni mwa mashine ikawaka mchana kweupe, na kule kivulini wanawake wakapiga makofi na vigelegele. Pale kwenye benchi hakuna aliyegeuka.

— Ni cha watu, Injinia akasema. Sauti ile ya msomi ilikuwa imekwisha. Chako zaidi. Wewe hukuwa unasimama kuangalia.

Kiraka akasimama. Chuma cha kung'olea tairi kilikuwa mkononi mwake, na sidhani kama alikumbuka kuwa anacho.

— Umekaa hapa, akasema. Umekaa hapa asubuhi yote unanisikiliza.

— Nipige, ndugu yangu, nimekosa. Lakini nisikie kwanza. Umeme wamepandisha wao. Bei ya kusaga wamenikataza wao. Leseni wanataka, watoto wanataka kula. Juu nimebanwa, chini nimebanwa. Mimi nipitie wapi?

— Ukapitia jikoni kwangu, mwanamke akasema.

Hakupaza sauti. Akainama, akaitwika ndoo yake ya mahindi hivyo hivyo bila kusaga, akashika furushi.

— Mama watoto, Kiraka akasema, tua mzigo. Umesikia mwenyewe. Mambo yameisha.

— Yameisha kwako. Mimi wiki tatu naitwa mwizi ndani ya nyumba yangu, mbele ya wanangu. Ulinipa mpaka jioni. Sihitaji muda wote huo.

— Na watoto?

— Wako shule. Wakirudi, wapikie. Unga uliobaki unaujua ulipo, maana umeupima kila siku.

Akashika njia. Kiraka akabaki amesimama, akautazama mkono wake, akakiacha chuma kikaanguka. Kisha akamfuata. Mwanzo alitembea, baadaye akaanza kukimbia, akimwita kwa jina ambalo kijiwe kizima hakikuwahi kumsikia akilitamka. Mkewe aliendelea kwenda.

Redio akasogea kwenye ncha ya benchi. Spika akaikunja karatasi ya barua mara mbili, akaitia mfukoni, na hakumtazama mtu. Injinia alikaa peke yake katikati, na nafasi kila upande.

Kule mlangoni kelele za kushangilia zilikuwa zimekatika. Habari hazikuhitaji Redio kufika kule kivulini. Bibi mmoja mnene, wa kwanza kwenye foleni, akatoka kivulini, akaja mpaka kwenye benchi, akasimama mikono kiunoni. Mashine nyingine iko mbali, mwendo wa kutwa ukiwa na ndoo kichwani, na nyumbani wajukuu hawajala.

— Wewe, akasema. Inuka ukasage kabla hawajakata umeme tena. Na mfuko leo naupiga mimi.

Injinia akainuka, akatangulia. Foleni nzima ikamfuata ndani, ndoo zimeachwa nje, kila mmoja anataka kusimama mahali anapoona vizuri.