Beseni Moja, Vitanda Vingi

Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata na sisi tuliochoka! Kosa langu lilianza na glavu. Wakati wa korona jamaa walizuiwa kuingia hospitalini kuwauguza watu wao, na kanisa likatutuma sisi vijana tuwaogeshe wagonjwa badala yao. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu. Nilivaa glavu mbilimbili tangu asubuhi, sikuzivua hadi jioni. Beseni lilikuwa moja, wagonjwa wakiazimana kitanda kwa kitanda, kama majirani wa kwetu wanavyofanya siku zote. Na mimi nilijiona msafi kuliko wote!

Mama Dativa, mkulima wa kijiji cha Mudende, alilazwa na kidonda mguuni. Kikaanza kuoza. Daktari akasema bakteria waliomo kidondani ni sugu, dawa za kawaida haziwawezi, na mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa nao kabla yake.

Muuguzi wetu, Esperansi, akanishika kiwiko. "We, iyo glavu inalinda nani? Inalinda we! Uyu mama, nani anamulinda?"

Ndugu zangu, nilizivua glavu zile palepale. Nyumbani kwetu Nengo nilisugua mikono hadi ikatoka damu. Chakula kilinishinda. Nilimwomba Mungu anioneshe kama ni mimi niliyempelekea mama yule ugonjwa. Hajanionesha mpaka leo.

Mguu ulikatwa. Nilikwenda kumwomba msamaha huku nalia. Mama akanitazama, amechoka kuliko mimi. "Bon, mutoto wangu, acha kulia. Mi nitalima viazi na muguu moja, we utabeba gunia. Lakini leo uniogeshe tena. Anza na kunawa."

Anza na kunawa! Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Miaka yote nilitaka mikono isiyokosea kamwe, na hofu ya kukosea ilinila. Mama yule aliniomba ninawe tu, kwa mgonjwa huyu, kisha ninawe tena kwa yule.

Asante, Yesu! Na wewe unayejihukumu usiku na mchana, mwachie yeye hukumu hiyo, uamke ufanye kazi iliyo mbele yako. Mimi bado nachoka, bado naogopa. Lakini sasa kila kitanda kina beseni lake. Nikimaliza mgonjwa mmoja natupa glavu, nanawa, ndipo naenda kwa mwingine.