Mkate Uliofichwa Mkobani

Basi lilikuwa halijatoka mjini Altamura, na Ruggero, kijana msafiri kutoka Trieste, alishamsimulia mama aliyeketi naye habari za mchuzi wa nyama aliokula mkahawani. "Mtamu, mama! Ila bibi mpishi alipoiona sahani yangu, alinywea."

"Uliufuta mchuzi kwa mkate?"

"Mbele za watu? Mimi nimefunzwa adabu."

"Adabu gani hiyo! Mchuzi umechemka tangu alfajiri, nawe unaurudisha jikoni? Hapa kwetu huko ni kumwambia mpishi hajui kupika. Kwani mkate hukuletewa?"

Ruggero akaubana mkoba wake. Hakuwa na fedha nyingi, kwa hiyo mkate wa mkahawani alikuwa ameuficha humo uwe chajio.

Mama akanusa. Mkate wa Altamura haufichiki.

Basi likasimama, mama akainuka ashuke. "Haya, utaula mkavu, mwanangu."