Tata Ngeleka na Mchango wa Viboko

Wasikilizaji wapendwa wa Kolwezi, wa Kisenge na wa Dilolo, jioni hii tunamkumbuka Tata Tharcisse Ngeleka, dereva wa treni ya mgodi, tuliyemzika Jumapili. Tata Ngeleka alitaka jambo moja. Alitaka viboko wa mwisho wa kwetu, pale Lualaba inapopinda, wasiishe.

Alizaliwa Kasai. Mto aliouogelea utotoni ulikuwa na viboko. Alipokwenda likizo akiwa mtu mzima, hakukuta hata mmoja. Aliporudi akaita kambi nzima ya wafanyakazi wa mgodi baada ya misa. Kila nyumba itoe faranga mbili kwa mwezi, tumlipe Banza, mvuvi, awazuie wawindaji. Hapa kwetu walikuwa wamebaki viboko watatu tu: dume, jike na mtoto wao. Mikono yote ikapanda.

"Mi natoa, tata," alisema Kabeya, fundi wa mashine. "Hata leo."

Siku ya mshahara Tata Ngeleka alisimama mlangoni na kopo. Watu wakapita upande wa pili.

"Tata," Kabeya akamtania, "kiboko yako ikuje ishike mustari na sisi, ilipwe mushahara yake."

"Uliinua mukono, Kabeya."

"Mukono, ndiyo. Bibi yangu ndiye anashika mufuko."

Wakacheka. Basi Banza akalipwa na mtu mmoja, Tata Ngeleka mwenyewe. Mjane wake, Mama Bilonda, anasema: "Aliuzisha velo yake, ile baisikeli ya kwenda kazi. Akaenda kazi na miguu mpaka kifua kikamushinda."

Kifua ndicho kilichomuua. Na kwenye matanga, wasikilizaji wapendwa, sahani ya mchango ilijaa kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyeombwa mara mbili. Kabeya alitoa kuliko wote. Kamati ikachukua mchango ule ikanunua nyama ya kuwalisha waombolezaji, kwa mwindaji, bei rahisi.

Ilikuwa nyama ya kiboko. Ni yule dume.

Mama Bilonda alikuwa mkekani. Walipomletea chakula akauliza ni nyama gani. Wakamwambia.

"Kumbe faranga mulikuwa nazo," alisema. Akasukuma sahani, akajifunika kitenge usoni.

Mama Bilonda, watoto, ukoo wote wa Ngeleka, poleni sana. Wengine wote, tufikiri. Tunamchangia maiti bila kusukumwa, na aliye hai tunampa mkono mtupu.

Jike na mtoto bado wapo. Banza naye bado yuko mtoni, hajalipwa. Mshahara unatoka Jumamosi.