Maziwa ya Mama Atuganile

Mheshimiwa Diwani, uliyekubali kulowa na mvua ya Tukuyu ili uje kuniaga, Mchungaji na Shehe wetu, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, wazazi, nanyi wanafunzi mnaosubiri pilau kuliko maneno yangu: nawasalimu wote kwa heshima.

Mkuu wa Shule amesema kwamba katika miaka thelathini na minne ya kufundisha sayansi, Mwalimu Obed hajawahi kukosea kipimo. Mkapiga makofi. Jamani, makofi yale yameniuma, kwa sababu humu ukumbini yupo mtu anayejua kwamba si kweli.

Wengi mnakikumbuka kikundi chetu cha maziwa kule Ikuti. Kila mwanachama alipewa mtamba, na ndama jike wa kwanza alimpa mwenzake. Sheria ilikuwa kali: ukitia maji kwenye maziwa, ng'ombe anarudi kikundini. Na nani apime, kama si mwalimu wa sayansi? Nikakabidhiwa laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa mazito hukiinua, mepesi hukizamisha. Ikisoma chini ya ishirini na sita, basi, yana maji.

Mama Atuganile, mjane, alikaa jirani kabisa na kituo cha kupimia maziwa. Wenzake walitembea saa nzima kwenye ukungu, maziwa yakapoa njiani. Yeye alikamua, akavuka uzio, ndoo bado inafuka. Siku ya kwanza, ishirini na tano. Ya pili, vilevile. Ya tatu, mbele ya foleni nzima, nikainua kijiti nikasema, "Mama, umetia maji."

Akanitazama. "Mwalimu, maziwa haya yametoka kwa ng'ombe yakaja kwako. Hayo maji nimeyatia saa ngapi?"

Watu wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Jumamosi ile ng'ombe wake akafunguliwa kamba, akaondoka.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa nafundisha kidato cha pili. Nikawaambia, maziwa yakichacha ni badiliko la kikemikali. Uyachemshe, uyapooze, hayarudi kuwa mabichi. Lakini yakipata joto ni badiliko la kiumbo tu: ujazo unaongezeka, tungamo linabaki lilelile, hivyo densiti inapungua, na yakipoa hurudi yalivyokuwa. Yusra, binti wa duka la viatu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo maziwa ya moto toka kwa ng'ombe si yatasoma mepesi hata kama hayana maji?"

Chaki ikanidondoka. Jioni nikapima maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe. Yakiwa na joto, ishirini na tano. Yalipopoa, thelathini. Jambo ninalolifundisha kila mwaka, jamani!

Je, nilikwenda kusema? Sikwenda. Niliona aibu. Nikaacha kupima kwa kisingizio cha mgongo, na kwa miaka minane nikapita mlangoni kwake nikiangalia viatu vyangu. Mwezi uliopita tu ndipo nilipobisha hodi. Akanikaribisha, akateleka chai.

"Vumilia ya rangi, Mwalimu," akasema. "Maziwa humu hayajaingia tangu siku zile."

Nikamweleza yote. Akanywa chai yake, akaweka kikombe chini, akasema, "Kukusamehe, nilishakusamehe. Ila kunichafua ulinichafua mbele za watu, leo unakuja kunisafisha jikoni. Haitoshi."

Kwa nini sikujua hivyo mwenyewe, mtu mzima, mwenye mvi? Najuta. Najuta kosa lile, na zaidi najuta ile miaka minane, maana kosa lilikuwa la asubuhi tatu, na ukimya ulikuwa wa kila siku.

Ndugu zangu, yule mtamba mliyenizawadia, aliyefungwa pale nje, ni wake. Lakini najua hakuja leo kufuata ng'ombe.

Mama Atuganile, pale nyuma, naomba usimame watu wakuone. Wanakikundi wa Ikuti mliokuwa kwenye foleni ile, nanyi mliocheka pamoja nami, sikieni: maziwa ya mama huyu hayakuwa na maji hata tone. Yalikuwa na joto tu. Aliyekosea ni mimi.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Nawe mama, ndaga fijo kwa kuja.