Mungu Hakuniomba Nimfichie Upele

Bwana asifiwe, watu wa kanisa la Jericho! Asifiwe tena, na wale wa nyuma waitike kwa sauti!

Ndugu zangu, mimi shosho wenu, bibi mzee, sikusoma sana, kwa hivyo nitasema wazi. Ushuhuda niliowapa mwezi uliopita ulikuwa wa haraka. Nilisimama hapa Jumapili nikasema nimepigwa picha ya tumbo kwa ile mashine kubwa, nikadungwa dawa ya kufanya picha ionekane vizuri, na haikunifanya kitu. Mkapiga makofi. Kweli, hospitalini walinikalisha nusu saa baada ya sindano, wakaona niko sawa. Lakini waliniambia pia nikiona mwasho, hata baada ya siku kadhaa, nirudi. Hiyo sikuisikiliza. Nilijua dawa ikikukataa, inakukataa papo hapo.

Jumatatu nikaanza kujikuna. Jumanne upele mwekundu umejaa mgongoni, mikononi, mpaka shingoni. Nilifanya nini? Nilivaa sweta! Nilisema moyoni, nimeshashuhudia, wakiniona hivi watasema Mungu ameniangusha. Nikajikuna hadi damu. Alhamisi macho yamevimba.

Jirani yangu Mama Akinyi, anayeuza omena sokoni, akanikuta mlangoni.

"Shosho, jua hili lote na sweta? Unaficha nini, mimba?"

"Enda ukauze samaki wako."

"Siendi. Vua."

Nikavua. Hakucheka tena. Siku hiyo hakuuza chochote. Alinishika mkono mpaka hospitali.

Daktari akaniuliza, "Shosho, ulidungwa lini?" Nikamwambia Ijumaa. Akasema ni ile dawa, kuna miili inaikataa polepole, na ningezidi kungoja ningeumia vibaya. Akanipa tembe na mafuta ya kupaka. Jina la ile dawa akaliandika kwenye kadi, niionyeshe kabla ya kupigwa picha tena. Baada ya wiki ngozi ikatulia. Na picha yenyewe? Tumbo langu halina uvimbe! Haleluya!

Ndugu zangu, Mungu hakuhitaji nimtetee kwa kuficha. Kile kilikuwa kiburi changu, na ameniokoa nacho kwa mdomo mkali wa Mama Akinyi. Mama, simama wakuone! Asante, Yesu!

Kama uko hapa na unaficha ugonjwa kwa sababu ulishatangaza umepona, mtumaini Bwana, na kesho asubuhi uende hospitali. Ukiogopa kwenda peke yako, niite. Nitakuja. Ukikataa, nitakuvuta.