Salomon Birindwa, Aliyekwenda Kuzika Columbus

Marehemu Salomon Birindwa alizaliwa Walungu, Kivu Kusini, tarehe 17 Mei 1961. Baba yetu alipofariki, mjomba wetu Rutebuka alitulea sote wawili na kumsomesha Salomon hadi darasa la sita. Mimi ninayesoma haya ni Eliezer, mdogo wake wa Buffalo.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na Patricia Bulonza. Vita viliwapeleka kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, na Aprili 2011 wakafika Louisville, mtaa wa Highview. Alifungasha mizigo katika ghala moja la Jeffersontown, na alikuwa akifika mapema mno hata mlinzi akamnunia.

Tarehe 9 Februari 2015 mjomba, ambaye naye alikuwa amekimbilia Columbus, alifariki huko. Salomon alimtuma Ezéchias, mwenzake wa zamu, amjulishe msimamizi, akaondoka. Kwetu habari ya msiba hupelekwa hivyo, na inatosha. Aliporudi siku ya nne, kadi yake haikufungua mlango. Kampuni iliandika kwamba ameacha kazi mwenyewe, na kwa neno hilo akanyimwa mafao ya wasio na kazi.

Barua ilimpa siku kumi na tano za kukata rufaa. Siku tisa aliificha sandukuni, chini ya vitenge. Patricia alipoikuta, Salomon alimwambia, "Donc, hii ni serikali. Nikibishana nayo, batatutosha huku, batatufukuza na batoto." Patricia naye akaogopa. Salomon aliponipigia simu niliogopa zaidi yao, na ninakiri nilimshauri anyamaze. Wakili wa kwanza alitaka malipo yaliyozidi kodi ya nyumba. Binti yao Gloire ndiye aliyepata ofisi ya msaada wa sheria isiyotoza kitu, na Salomon akaogopa hata huo ubure wake. Alitia sahihi siku ya mwisho.

Kesi ilisikilizwa kwa simu tarehe 14 Aprili. Ezéchias, huku akihofia kazi yake mwenyewe, alithibitisha kwamba ujumbe ulimfikia msimamizi siku ileile. Salomon aliulizwa kwa nini hakungoja ruhusa. "Bon, ule muzee ndiye alinilea. Nisipoenda kumuzika, mimi nikikufa nani atakuya?"

Alishinda. Lakini woga haukumtoka. Bahasha yoyote ikifika, alikaa kitini kwanza ndipo aifungue. Shinikizo la damu lilimsumbua muda mrefu. Tarehe 29 Agosti 2016 alipooza upande mmoja, na tarehe 3 Septemba akafariki hospitalini, Patricia akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, Gloire, Aganze na Jean-Baptiste, wajukuu wanne, na mimi.

Nimeona magari ya Columbus yamejaa hapo nje. Najua baadhi yenu mmeacha zamu, na naona mnavyochungulia simu. Mimi pia ninaogopa. Ruhusa yangu iko mfukoni, imetiwa sahihi.

Kaka, wamekuya. Pumzika kwa amani, hakuna bahasha nyingine.