Kompyuta ya Rayhana Yakataa Kijitabu cha Mama

Benchi langu la kahawa, hapa Voi, limeegemea ukuta wa saiba ya Rayhana, duka lake la kompyuta na uchapishaji, kwa hivyo kompyuta yake ikiugua, madaktari ni sisi. Alhamisi ile iliugua vibaya. Wesonga alikuwa anatengenezewa kijitabu cha mazishi ya mamake, kazi ya siku mbili, na gari la kubeba mwili kwenda Bungoma lilikuwa linaondoka saa tisa. Kila Rayhana akiongeza picha, kompyuta inatoa onyo na kuganda. Saa sita ilikuwa imeshapita. Mimi Hashil huwakaripia watu wa dakika ya mwisho, lakini huyu alikuwa amefiwa. Nilimjazia kikombe cha kahawa.

— Hiyo ni joto tu, alisema Titus, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio ikakubali kufungika. Mashine imechemka. Iwekwe kwa sakafu.

— Joto wapi! alidakia Okoth, jina la benchi Stesheni, mstaafu wa reli. Si treni ya mizigo imepita saa hii? Ile huvuta stima ya mtaa mzima.

— Treni inakunywa dizeli, Stesheni.

— Na dizeli ikipungua?

— Basi mimi nawaambia ni ndovu, alisema mteja mmoja mwishoni mwa benchi. Wale wa Tsavo wamevalishwa kola za redio. Mmoja akisogea karibu na fensi, kompyuta zote zinachanganyikiwa.

— Sasa ndovu anataka nini na mamangu? Wesonga aliuliza, sauti imemkauka.

Mimi nami nilikuwa nimeshaanza kutaja majini, Mungu anisamehe, ndipo akafika Nasimiyu, dada mkubwa wa Wesonga, mwalimu kule Bomeni. Alitusalimu, akasikiliza kidogo.

— Hilo onyo linasemaje?

Sote tukamgeukia Rayhana, aliyesimama mlangoni.

— Sijui, dada. Mimi hulifunga tu lisinicheleweshe.

Wallahi niliona haya. Tulikuwa tumebishana saa nzima juu ya kitu ambacho hakuna aliyekisoma. Rayhana alirudi ndani, safari hii akalisoma kwa sauti.

— Linasema memori imejaa, na ile nafasi ya ziada ambayo kompyuta huazima kwa diski ni ndogo sana. Haya, ngoja nione setingi... Hii imewekwa kwa mkono! Nani aliigusa?

Injinia alikohoa.

— Ni mimi, ile Disemba. Niliipunguza iende mbio.

Rayhana akahifadhi kazi, akafunga programu nyingine, akaiachia kompyuta ijipangie nafasi yenyewe, kisha akaizima na kuiwasha. Wesonga hakuweza kukaa. Kijitabu kilipofunguka, kurasa zote ishirini na mbili zikiwemo, alisema “Asante Yesu” mara tatu, na mimi nikasema alhamdulillahi. Stesheni alitushika mkono mmoja mmoja, utadhani tumezaa mtoto.

Nakala ya kwanza ikatoka. Nasimiyu aliifungua akiwa amesimama. Wajukuu, wakwe, kina mama wa chama, Wesonga na pikipiki, Wesonga na ng'ombe. Picha sitini na moja, maana kila jamaa alisisitiza awemo.

— Wesonga, mama yuko wapi?

Wesonga alikichukua kijitabu, akakipekua mwanzo hadi mwisho. Mama alikuwa kwenye jalada tu, picha ya kitambulisho, amekunja uso.

Nasimiyu akatoa simu. Kulikuwa na picha ya mama akipukuchua mahindi, anacheka hadi macho yamefumba.

— Rayhana, toa zangu zote, Wesonga alisema. Weka hii. Ukurasa mzima.

Kompyuta ilipokea bila onyo lolote. Wesonga aliitazama ile picha, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mama afariki Jumamosi, kisha akalia, na dada yake akamshika mkono.